Mahafali ni Oktoba, Muziki Upangwe Julai

Mwaka mmoja, katika shule moja ya sekondari hapa bondeni Kilombero, niliteuliwa na wazazi wenzangu kuingia kwenye kamati ya mahafali ya kidato cha nne. Tulikaa vikao saba. Sita vilikwisha kwa habari za pilau, maturubai, keki na zawadi ya mgeni rasmi. Muziki tulimwachia mjumbe mmoja aliyesema anamfahamu kijana mwenye spika kubwa. Siku ilipofika, mgeni rasmi alichelewa, risala zikawa nne badala ya mbili, na wafadhili wakaitwa mmoja mmoja kutoa neno. Chakula kililiwa saa kumi na moja jioni. Dijei alipoweka wimbo wa kwanza wa wahitimu, jua lilikuwa limeshaegemea milima ya Udzungwa, na wazazi waliotoka Mang'ula na Kidatu walikuwa wakiwaita watoto wao wawahi gari. Wahitimu walicheza nyimbo tatu. Wa nne ulikatika katikati, jenereta imeishiwa mafuta.

Binti yangu alikuwa miongoni mwao. Alichanga kama wenzake, akafanya mazoezi ya kuingia ukumbini kwa wiki tatu, akacheza dakika kumi na mbili. Tangu siku hiyo, kila ninapoitwa kwenye kamati ya namna hii, jambo la kwanza ninalotaka liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao ni hili: wahitimu wapewe muda wa saa mbili kamili za muziki wao, mchana kweupe, na muda huo usiguswe na mtu yeyote, awe mfadhili au mgeni rasmi. Mengine yote, kuanzia tarehe hadi waya wa umeme, yapangwe kwa kuulinda muda huo. Nawaandikia walimu wa malezi, wazazi wajumbe na viongozi wa serikali za wanafunzi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, lakini hata anayepanga sherehe ya kipaimara au mkesha wa kijana wake anaweza kuchukua linalomfaa.

Nianze na kalenda. Nasema muziki upangwe Julai kwa sababu ya mpunga. Mvua zikishakatika, mavuno huanza, na kufikia Juni na Julai nyumba nyingi za Kibaoni, Lumemo, Kiberege na Mbingu zina magunia ndani. Mzazi anayeombwa mchango wakati huo hutoa bila kununa. Anayeombwa wiki ya mwisho ya Septemba ameshauza, ameshalipa madeni, na anawaza kulima upya. Tena mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba, kwa hiyo mahafali ya shule zote huangukia wiki zile zile za Septemba na Oktoba, ambazo pia ndizo wiki za harusi na za kuwaaga mabinti wanaoolewa. Madijei wazuri wa mjini hapa hawazidi vidole vya mkono, na anayewahi ndiye anayewapata. Ukimtafuta dijei siku kumi kabla, utampata yule ambaye wengine walimwacha.

Mahafali ya kidato cha sita ni habari nyingine, kwa kuwa mtihani wao ni Mei na sherehe huwa katikati ya masika. Hapo usiweke matumaini kwenye turubai. Ingieni ndani, na mkumbuke kwamba ukumbi wa bati ukipigwa na mvua kubwa hakuna spika itakayoshinda. Nimeona dijei akishindana na mvua, akipandisha sauti hadi spika moja ikaungua. Mvua ikishuka, muziki uteremshwe, na yaingizwe mambo ya kutazamwa kwa macho: maonyesho ya mavazi, mashindano ya kucheza kwa kupigiwa makofi, vichekesho vya kuigiza bila maneno. Mvua ikipungua, muziki urudi. Na wahitimu wa darasa la saba, ambao wengi wana miaka kumi na mitatu, saa moja ya kucheza inawatosha.

Siku gani ya juma? Wengi hukimbilia Jumamosi. Mimi napendelea Ijumaa, na sababu yangu ni watoto ambao Jumamosi huwafungia nje. Wanafunzi Wasabato hawawezi kushiriki hadi jua lizame Jumamosi. Ijumaa nayo ina swala ya adhuhuri ya Waislamu, lakini swala hiyo inaweza kuingia kwenye ratiba bila kumbana mtu: shughuli rasmi ianze saa nne asubuhi, ikome saa sita na robo, kisha chakula na swala mpaka saa nane. Saa nane hadi saa tisa ni ngoma na picha za pamoja. Saa tisa alasiri muziki wa wahitimu unaanza, saa kumi na moja unakoma. Jua la Oktoba hapa huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Msabato anafika kwao kabla ya Sabato kuanza, na wa Mlimba au Lupiro anapata usafiri.

Ratiba hiyo, kama mnavyoona, imepangwa kinyumenyume: imeanza na machweo, ikarudi nyuma. Kamati nyingi huanza na saa ya kuwasili mgeni rasmi, na ndiyo maana yeye akichelewa wanaolipa ni watoto. Mgeni aandikiwe barua, aambiwe kwa heshima zote kwamba shughuli itaanza saa nne kwa kwaya na ngonjera, na kwamba hotuba yake imetengewa dakika kumi na tano. Akifika saa tano, atakuta mambo yanaendelea na ataketi. Sijaona kiongozi aliyekasirika kwa kukuta shule inayojali saa.

Kuna sababu nyingine ya kumaliza mapema, na watu wa Ifakara tunaijua kuliko wengi: mbu. Mji wetu ni kituo cha utafiti wa malaria. Waswisi walifungua maabara yao hapa miaka ya 1950, maabara iliyokuja kukua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti wa taasisi hiyo wamefuatilia kwa miaka mingi jinsi watu wanavyoumwa na mbu wakiwa nje jioni, kabla ya kuingia kwenye vyandarua. Sherehe ya usiku uwanjani, watoto mia mbili wamevaa mikono mifupi na wanatoka jasho, ni karamu ya mbu. Watafiti hao hao walipima mapambo ya katani na magunia yaliyotiwa dawa ya kufukuza mbu kwenye baa za wazi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Nayataja kwa kuwa yanaonyesha kwamba pambo linaweza kufanya kazi mbili. Msijaribu kutia dawa wenyewe kwenye mapambo. Lakini kama lazima iwe jioni, watoto waambiwe mapema wavae mikono mirefu na soksi, na mafuta ya kufukuza mbu yawekwe mezani mlangoni.

Nije kwenye ukumbi. Hapa naomba kila mjumbe asome polepole. Sikukuu ya Idd, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora kwenye disko toto. Walijazwa ukumbini wengi kuliko ukumbi ulivyoweza kubeba, hewa ikawa nzito, wakakanyagana. Walikuwa wamekwenda kucheza muziki tu, kama watakavyokwenda wa kwenu. Serikali ilipiga marufuku disko toto baada ya msiba ule, lakini marufuku haipanui mlango wa bwalo. Hesabu ni yenu. Mimi huchukua futi ya kamba, napima urefu na upana wa sehemu ya kuchezea baada ya kuondoa meza, jukwaa na viti, kisha natoa nafasi ya nusu mita ya mraba kwa kila mtu anayecheza. Bwalo lenye mita ishirini kwa kumi, likiondolewa jukwaa na meza, hubaki na mita za mraba kama mia moja na hamsini. Hao ni watu mia tatu na si zaidi, na ni vizuri wakiwa mia mbili. Wakizidi, hamishieni muziki nje, au wagaweni kwa zamu.

Milango iwe miwili au zaidi, ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa kufuli hata kama kuna vijana wa mtaani wanaotaka kuingia bila kualikwa. Wazuieni getini, mbali na mlango wa ukumbi. Mtu mzima mmoja asimame kwenye kila mlango kwa saa zote mbili, asiende kula, asiende kupiga picha. Ufunguo uwe mfukoni mwake. Madirisha yafunguliwe yote. Pazia zuri linaloziba dirisha huiba hewa.

Sasa dijei. Kosa letu lile la kwanza lilikuwa kukodi spika tukidhani tumekodi muziki. Ukubwa wa spika hauonyeshi kama mtu anajua kuendesha sherehe ya watoto. Mwiteni dijei shuleni Julai hiyo hiyo, mumpeleke ukumbini, na mumuulize maswali machache. Umewahi kupiga muziki shuleni? Nani alikualika, tumpigie simu? Nyimbo unazo ndani ya kompyuta au unategemea intaneti? Anayetegemea intaneti mwache, kwa sababu watu mia tatu wakianza kurusha picha kwa pamoja mtandao utakwama na muziki utakwama nao. Nyimbo zote ziwe kwenye kompyuta, na nakala kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mwalimu. Mwambieni awaoneshe anavyounganisha wimbo na wimbo. Muombeni pia kibali chake cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na mkumbuke kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye wimbo haki yake unapopigwa hadharani. Dijei anayeheshimu kazi yake haoni taabu kuulizwa haya. Mkikubaliana, andikeni mkataba wa ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kufika na kufunga vyombo (asubuhi saa moja, si saa tano wageni wakiwa wameketi), vyombo anavyoleta, malipo ya awali na ya mwisho, na orodha ya nyimbo kama kiambatanisho.

Orodha hiyo ndiyo moyo wa kazi, na haiandikwi na dijei wala mwalimu. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, tunatumia karatasi. Kila mhitimu anapewa kipande cha karatasi bila kuandika jina, anaandika nyimbo tatu: mmoja anaotaka kuucheza na wenzake, mmoja anaotaka wazazi wake waucheze, na mmoja ambao hataki kabisa kuusikia siku hiyo. Swali la tatu wengi huliona la ajabu. Mwaka mmoja karatasi tisa zilitaja wimbo ule ule wa injili, wimbo mzuri, na sisi wazee tulikuwa tumeuweka mwanzoni kabisa. Tulipouliza, dada mkuu alitueleza kwamba ndio ulioimbwa kwenye mazishi ya mwanafunzi mwenzao aliyefariki wakiwa kidato cha pili. Tuliuondoa.

Karatasi zikishahesabiwa, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wasikilize kila wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Jina la wimbo halitoshi, wala sekunde thelathini za mwanzo. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilikataza nyimbo na michezo isiyofuata maadili shuleni, baada ya video za wanafunzi wakicheza kusambaa mitandaoni, na anayewajibishwa jambo likiharibika ni mkuu wa shule. Lakini hata bila katazo hilo, mtoto anayecheza mbele ya bibi yake hapaswi kutahayari kwa maneno yanayotoka kwenye spika. Tena ukiwashirikisha wanafunzi katika kuchuja, wao ndio watakaowaeleza wenzao kwa nini wimbo fulani haumo. Dijei apewe orodha iliyopitishwa na akubali kwa saini kwamba hapigi nje ya hiyo, hata akiombwa na mtu mzima aliyechangamka.

Kuzipanga nyimbo ni kazi ya ufundi, na naipenda. Kila wimbo una mwendo wake, unaohesabiwa kwa mapigo kwa dakika. Bongo Fleva nyingi hutembea karibu na mapigo 90 hadi 105. Amapiano ni kama 112. Singeli, ile iliyozaliwa uswahilini Dar es Salaam, hupita 200 na wakati mwingine huzidi sana. Ukianza na singeli saa tisa, saa tisa na nusu wote wameketi wanahema na hutawainua tena. Anza na nyimbo za mwendo wa kati ambazo hata mwenye aibu anaweza kusimama akatikisa bega. Panda taratibu kwa dakika ishirini, kisha shusha, watu wanywe maji. Panda tena zaidi ya kwanza. Singeli iingie mara mbili tu, vipande vya dakika kumi, kimoja karibu na saa kumi na kingine kabla ya nusu saa ya mwisho. Kati ya hapo pawe na wimbo wa wazazi na watoto kucheza pamoja, na wimbo wa walimu peke yao. Mwalimu wa hesabu akicheza vizuri mbele ya darasa lake, hiyo itakumbukwa miaka ishirini.

Wimbo wa kuingilia ukumbini unahitaji hesabu yake. Tuseme wahitimu ni 120, wanaingia wawili wawili, na kila jozi inafuata baada ya mapigo manane. Wimbo una mapigo 100 kwa dakika, kwa hiyo mapigo manane ni karibu sekunde tano. Jozi sitini zitamaliza kuingia mlangoni kwa dakika tano hivi, na jozi ya mwisho itahitaji dakika moja na nusu au mbili kufika kwenye viti. Mnahitaji muziki wa dakika saba. Wimbo wa kawaida ni wa dakika tatu na nusu. Ndiyo maana kwenye mahafali mengi wimbo huisha wahitimu wako katikati ya njia, dijei anaurudia kutoka mwanzo, na hatua za watoto zinavurugika. Unganisheni nyimbo mbili za mwendo mmoja mapema, na mazoezi yafanywe kwa muunganiko huo huo.

Kuhusu sauti, nitasema jambo ambalo madijei wengi hawapendi. Wataalamu wa afya kazini wana kanuni: sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda unapungua kwa nusu. Desibeli 88 ni saa nne. 91 ni saa mbili. 100 ni robo saa tu. Muda wetu ni saa mbili, basi 91 ndiyo kikomo, nacho kimewekwa kwa watu wazima. Kwa watoto nataka chini ya hapo, katikati ya uwanja wa kuchezea. Zipo programu za bure za simu zinazopima, si kwa usahihi wa maabara lakini kwa kiasi cha kumsaidia mwalimu mmoja kumwambia dijei ashushe. Spika ziinuliwe juu ya stendi zipite kichwa cha mtu, ziwe mbele pande mbili, na mtoto asiruhusiwe kucheza akiwa amezigusa. Kipaza sauti kisisimame mbele ya spika, ndipo kinapopiga mluzi. Bwalo la sementi tupu hurudisha mwangwi hadi maneno hayasikiki. Tundikeni khanga na vitenge vizito ukuta wa nyuma, vitapamba na kupunguza mwangwi kwa wakati mmoja.

Umeme sasa. Mitambo ya Kidatu, megawati 204, na ya Kihansi, megawati 180, iko pembezoni mwa bonde letu, lakini umeme unaofika bwaloni unapitia nguzo na transfoma nyingi, na kukatika ni jambo la kutarajiwa. Kodi jenereta ya kVA 5 kwa ajili ya muziki peke yake. Friji za soda na pampu ya maji zitafute pengine. Siku ya mazoezi iwasheni na vyombo vyote kwa saa moja, pimeni lita zilizotumika, zidisheni kwa saa za sherehe, kisha ongezeni nusu yake. Jenereta ikae nje upande upepo unakoelekea, moshi wake huua ukiingia ndani. Huwashwa kwanza, ikatulia, ndipo amplifaya iwashwe. Wakati wa kuzima, amplifaya ndiyo inayotangulia. Umeme wa TANESCO ukirudi msirukie: subirini dakika kumi, na fundi ndiye abadilishe. Nyaya zipite ukutani au zifunikwe mkeka na kubandikwa, kamwe zisikatize sehemu ya kuchezea.

Nimeweka saa nzima ya ngoma kabla ya dijei, na si kwa ajili ya kumpamba mgeni rasmi. Sikio likishazoea spika, ngoma ya mkono husikika nyonge. Ikitangulia, inasikika kwa ukubwa wake. Wapo wazee Ifakara na Ulanga wanaojua sangula na vijana wao wachache wanaoifuata. Wapo Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe zao, wenye bugobogobo inayochezwa na majembe mikononi, na watoto wao wamo madarasani mwenu. Waiteni wafundishe wanafunzi kwa wiki nne, wasije tu kuonekana siku moja. Waandalieni mahali pa moto mdogo nje, mbali na turubai, kwa maana ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu na hukazwa kwa joto. Kipaza sauti apewe mwimbishaji peke yake, ngoma zenyewe hazikihitaji. Na walipeni. Nimeona dijei akilipwa fedha taslimu na wazee wa ngoma wakipewa soda na ahsante. Wapeni nauli, chakula na malipo yaliyokubaliwa kabla, kama fundi mwingine yeyote.

Kama mnataka sherehe iwe na mada, itoeni hapa kwetu. Shule moja ilichagua "Bonde Letu": mapambo yakawa ya mashuke ya mpunga, matete na mitumbwi midogo ya kuchonga, na picha kubwa ya sheshe, yule mnyama ambaye bonde la Kilombero limejulikana duniani kwa wingi wake. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ya mapambo ya plastiki. Mada nyingine ninayoipenda ni "Zilipendwa za Morogoro". Mkoa wetu ndio wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, ndio wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda kupiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya akiwa bado kijana, na wanafunzi wengi hawajui kwamba aliwahi kuwapo. Watoto waazime mashati na magauni ya babu na bibi, walete picha za zamani zitundikwe. Angalizo moja kwa dijei: nyingi ya nyimbo hizo zilirekodiwa kwenye sahani ndogo zenye sehemu mbili, upande huu maneno, upande ule chemko. Ukipakua sehemu ya kwanza pekee, wimbo unakatika pale watu wanapotaka kuserebuka. Hakikisha una zote mbili.

Mshereheshaji achaguliwe kwa ulimi wake. Asitaje maumbile ya wasichana, asifanye mzaha juu ya mimba, ufukara au kabila la mtu, na asiufunike muziki kwa maneno. Wimbo ukiwa unapigwa, kazi yake ni kunyamaza.

Na jambo la kutunza. Kwetu ni desturi njema kumtunza anayecheza vizuri, lakini kuna watu wazima wanaolichukua kama ruhusa ya kuingia katikati ya wasichana wa miaka kumi na saba, kuwabandika noti mwilini na kucheza nao kwa karibu. Nimeliona kwa macho yangu, na walimu waliokuwapo walitazama pembeni kwa sababu mtu huyo alikuwa mchangiaji mkubwa. Wekeni sanduku la zawadi mbele ya jukwaa. Anayetaka kutunza atie humo, jina la mhitimu au kikundi likiandikwa kwenye bahasha. Saa mbili za wahitimu ni za wahitimu, walimu wao na wazazi wao. Wageni wengine wakae vitini. Matroni na patroni wawe uwanjani, wakicheza na huku wakitazama. Pombe isiingie getini, hata kwenye gari la mgeni.

Wasiocheza, iwe kwa imani, kwa ulemavu au kwa tabia yao tu, wasiachwe ukutani. Mmoja asimamie saa na kumwonesha dijei kadi za muda. Wengine wapige picha kwa kamera ya shule, wahesabu kura za mcheza bora, wagawe maji. Mwaka jana mvulana mmoja asiyecheza ndiye aliyelinda mlango wa pili pamoja na mwalimu wake, na alisimama pale kwa saa zote mbili akitabasamu.

Katika mahafali hayo ya mwaka jana muziki ulianza saa tisa na dakika tano. Ulikoma saa kumi na moja kamili, watoto wakiwa bado wanautaka. Saa kumi na mbili bwalo lilikuwa limefagiwa. Wajumbe wa kamati za mwaka huu, kikao chenu cha kwanza kiitwe wiki ya kwanza ya Julai, na ajenda namba moja iwe muziki.